Gogo la Gurudumu

Huu ni mwaka wangu wa mwisho katika shule hii, nami sipendi kuondoka bila kuwaeleza jambo lililonipata muhula uliopita. Wengi wenu mnajua nusu yake tu.

Mnakumbuka jioni ile timu yetu ya mpira iliporudi na ushindi. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya utingo katika lori la shule. Kazi yenyewe ni ndogo: lori likisimama penye mteremko, utingo hushuka upesi akaweka gogo nyuma ya gurudumu. Hapa Kigali, mji wa vilima, hakuna asiyejua faida ya gogo hilo. Lakini siku ile tulifika tukiimba. Niliruka chini, nikakimbilia bwenini kuwapa wenzangu habari za mabao. Gogo likabaki ndani ya lori. Punde si punde tukasikia kishindo. Lori lilikuwa limerudi nyuma lenyewe mpaka ukuta wa jikoni, na mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akichota maji pale, alivunjika mguu.

Watu wote walisema kwamba dereva hakukaza breki ya mkono. Akasimamishwa kazi. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia moyoni kwamba safari ilikwisha salama, na yaliyotokea baadaye hayakuwa yangu.

Katika likizo fupi nilikwenda kukaa kwa baba yangu mdogo huko Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ambako yeye hufanya kazi ya kupakia mizigo. Usiku mmoja nilimwuliza kama haziogopi ndege zinapopita juu ya nyumba yake. Alicheka.

"Mwanangu," akasema, "mimi huogopa zile zilizo chini."

Akanieleza kwamba ndege kubwa ikitembea ardhini ni kama kipofu mwenye nguvu nyingi. Rubani hawezi kuona ncha za mabawa yake, kwa hiyo mtu husimama mbele na kumwonyesha njia kwa ishara za mikono. Injini ikivuma, mbele yake huvuta, na nyuma yake husukuma hewa ya moto. Ndege ikisimama, magurudumu huwekewa vizuizi, na watu wa mizigo hawaisogelei mpaka waruhusiwe.

Kisha akanihadithia mambo ya tarehe 12 Novemba 2009, mimi nikiwa mtoto mchanga. Ndege ndogo ya jeti iliyokuwa katika safari ya RwandAir iliruka kutoka Kigali kwenda Entebbe, nayo ilikuwa na watu 15. Mara baada ya kuruka, mtambo wa kuongoza nguvu ya injini ya kushoto ulikwama, injini ikabaki na nguvu nyingi. Marubani wakageuza, wakatua salama, wakaiongoza ndege mpaka mahali pa kuegesha. Bila shaka kila abiria alishukuru kwamba amefika. Lakini injini ile ilikuwa bado ikivuma. Ndege ikaondoka tena, ikaenda kugonga jengo la kupokelea wageni wakubwa. Abiria mmoja alifariki. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba marubani hawakujua la kufanya juu ya injini ile. Tena walipotua walikuwa wametumia breki kwa nguvu mno, zikapata moto, nao hawakutambua hatari yake.

Nikamwambia kwamba huenda ni ajali ya peke yake. Akatikisa kichwa. Akanitajia Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ambapo ndege mbili kubwa ziligongana ndani ya ukungu. Moja ilikuwa bado inatembea kwenye njia ya kurukia, na nyingine ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke. Watu 583 walikufa. Hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua watu wengi kuliko hiyo, nayo ilitokea ardhini.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikimfikiria yule abiria, aliyeogopa angani na kufia mahali pa kuegesha. Nikamfikiria na mtoto wetu mwenye ndoo yake.

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa Padri Mkuu, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanituma nimwendee dereva nyumbani kwake. Nilimkuta akipalilia maharage. Nikamwambia, "Mzee, gogo sikuliweka."

Akajibu, "Najua. Nililiona ndani ya lori. Lakini na mimi breki sikuikaza sawasawa. Kila mtu ana fungu lake, kijana wangu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko viboko.

Dereva amerudi kazini. Mtoto yule sasa anatembea, ila mpira hajaanza kucheza. Mimi nilinyang'anywa kazi ya utingo kwa muhula mzima, nayo ilikuwa haki.

Basi wadogo zangu, mmoja wenu atapewa kazi hiyo mwakani. Nimelipaka gogo rangi nyeupe ili lionekane hata gizani. Mkifika, hata mkiwa na ushindi wa mabao kumi, liwekwe kwanza, kisha mwimbe.