Kibao cha Gharika na Mtoto wa Nabii Nuhu



Wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula tuliwachukua wajukuu wetu wawili kwenda kwenye jumba la makumbusho la British Museum, pale Bloomsbury, mahali pasipo kiingilio na penye joto, sifa mbili ambazo mstaafu hazidharau. Wao walitaka kuona maiti zilizokaushwa za Misri. Sisi tulikuwa na haja nyingine: kibao cha udongo tulichosoma habari zake tangu tulipokuwa chuo kikuu, na ambacho kwa miaka yote ya kukaa mji huu hatukuwahi kwenda kukitazama.

Ni kitu kidogo, urefu wake kiasi cha sentimita 15, kimevunjika pembeni, na kimejaa alama mfano wa nyayo za ndege. Kilitoka Ninawi, katika nchi ya Iraki ya leo, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal iliyofukuliwa na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, mwaka 1853. Aliyekuja kukisoma ni George Smith, mtu aliyeanza maisha akiwa na miaka 14 kama mwanagenzi wa kuchonga sahani za kuchapia noti, akajifunza maandishi yale kwa juhudi zake mwenyewe. Mwaka 1872 aliona humo habari ya gharika, jahazi lililokwama mlimani, na ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu. Inasimuliwa kwamba kwa furaha alikimbia huku na huku chumbani na kuanza kuvua nguo. Hilo hatukuwaeleza wajukuu. Tarehe 3 Desemba mwaka huo alisoma matokeo yake mbele ya wanazuoni, na Waziri Mkuu Gladstone akiwamo.

Wako waliofadhaika, wakaona kwamba Biblia imenakili ngano za wapagani. Sisi hatukuona sababu ya fadhaa. Jambo kubwa likitokea, kila kaumu husimulia kwa ulimi wake. Kinachotupa mazingatio ni tofauti zilizomo. Katika masimulizi ya Babeli miungu wanashauriana kuleta gharika, kisha wanaiogopa wenyewe. Na katika utenzi mwingine wa kale wa huko, sababu ya hukumu ni kwamba wanadamu walikuwa na makelele, mmoja wa miungu akakosa usingizi. Hiyo si hukumu, ndugu zetu, hiyo ni hasira ya jirani wa ghorofa ya chini.

Kitabu cha Mwanzo kinasema jingine. Dunia ilijaa dhuluma, na Mungu alihuzunika. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio. Sababu iliyotajwa kabla ya maji ni uovu wa moyo wa mwanadamu. Na maji yalipokauka, Mungu anaahidi kutoiangamiza nchi tena, na hapo hapo unatajwa tena uovu ule ule wa moyo. Mwanadamu hakubadilika hata chembe. Ahadi haikutokana na wema wake. Na kabla ya hapo Adamu na Hawa walivishwa nguo ndipo wakatolewa bustanini, na Kaini, muuaji wa ndugu yake, akatiwa alama ili asije akauawa. Nasi tunasoma katika Qur'ani kwamba Adamu alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, akatubiwa.

Lakini katika Biblia wana watatu wa Nuhu wote wamo safinani. Ni Qur'ani, katika Sura Hud, inayotusimulia habari ya mtoto aliyekataa kupanda, akadhani mlima utamkinga, na wimbi likaingia kati ya baba na mwana.

Tulikuwa tunawaeleza watoto haya mbele ya kibao, kwa ile sauti ya darasani ambayo kustaafu hakukuitibu, ndipo mdogo, mwenye miaka tisa, akauliza: "Babu, kwani na mjomba naye hakutaka kupanda?"

Ndugu wasomaji, lazima tuseme kisa chenyewe. Mwaka 2007 tulimfukuza nyumbani mwana wetu mkubwa. Alikuwa ameacha sala na kuacha masomo, akaishi na mwanamke pasipo ndoa, na katika msikiti watu walikwisha kuanza kuuliza. Siku ile tulimsomea kisa hiki hiki cha Nabii Nuhu, tukamwambia kwamba naye si katika ahali zetu tena. Mama yake hakuafiki, akanyamaza kwa heshima. Tulijiona tumesimama na haki, na tuna dalili ya Kitabu.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukirejea hoja ile bila kuona kosa lake, sisi tuliosomesha watoto wa watu namna ya kusoma. Maneno kwamba yule kijana si katika ahali zake hayakutamkwa na Nuhu. Yalitoka kwa Mwenyezi Mungu, na yalikuja baada ya maji. Nuhu aliyekaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, akiwaita usiku na mchana, alimwita mwanawe mpaka wimbi lilipomnyamazisha. Hata baada ya hapo alimwomba Mola wake kwa ajili yake, akaonywa, akaomba msamaha. Hukumu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuita. Sisi tulishika nafasi isiyokuwa yetu, tukaiacha ile tuliyopewa.

Mjukuu tulimjibu kwamba mjomba wake hatukumwita vya kutosha. Akaridhika, akataka kwenda kula.

Usiku ule tuliichukua nambari ya simu kwa mama yake, ambaye kumbe alikuwa nayo siku zote. Ililia mpaka ikakatika. Tulipiga tena keshoye, na wiki iliyofuata. Jumapili iliyopita alipokea. Tulizungumza dakika nne, nyingi zikiwa juu ya magoti ya mama yake. Hakusema atakuja, wala hatukumwuliza kuhusu sala. Tulimwambia tutapiga tena Jumapili, naye akasema saa kumi ndiyo huwa nyumbani.