Maji ya Betri

Habari hii ilianzia kwenye beseni la nguo. Siku moja ya mwezi wa saba, mwaka 2018, nilikuwa nikifua nyumbani kwetu Mbweni. Nilipoikamua suruali ya kazi ya mume wangu, ikachanika mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Kuanzia gotini hadi kwenye pindo ilikuwa na matundu madogo madogo, na kabla ya kuiloweka ilikuwa inaonekana nzima.

Baba Upendo alipokuja kula nilimwuliza. Akasema, "Ni chumvi ya bahari, mama Upendo. Imeoza."

Nimeishi na mvuvi miaka mingi, na nguo za chumvi nazijua. Chumvi hupausha nguo na kuikakamaza, lakini haiitoboi kwa siku moja. Hata hivyo sikusema neno. Nilinuna. Nikajiambia kwamba kama ana siri zake, basi na azitunze. Kwa siku kumi na mbili mazungumzo yetu yalikuwa ya sukari na nauli za watoto tu.

Wavuvi wengi wa kwetu hutumia ngalawa na mitumbwi ya mbao, na wenye uwezo kidogo wana boti za faiba. Yetu ni boti ndogo ya alumini, tuliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Nusu ya bei yake ilitoka kwenye upatu wangu na biashara yangu ya vitumbua. Mume wangu huvua usiku kwa mshipi, na taa yake hutumia betri ya gari. Kabla ya siku ile ya beseni nilikuwa nimempa shilingi laki mbili akanunue betri mpya.

Jumamosi moja usiku alikwenda kuvua na kijana wetu wa miaka kumi na mitano. Walirudi alfajiri wamelowa mpaka kifuani, viganja vya mtoto vina malengelenge kwa kukumba maji usiku kucha. Boti ilikuwa ikiingiza maji chini ya mbao za kukanyagia, wala hawakuweza kuona yalikotokea.

Hapo ndipo mume wangu aliponieleza yote. Betri haikuwa mpya. Alinunua iliyotumika, yenye ufa uliozibwa kwa gundi, na fedha zilizobaki akampelekea mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Wimbi likaipindua betri, maji yake yakamrukia miguuni na kuteremka ngamani. Alisuuza kwa maji ya bahari, akaona alumini imepauka, akapaka rangi juu yake ili nisitambue.

Nilitaka kugomba. Lakini nilipotazama viganja vya mwanangu nilikumbuka lile beseni. Mimi nami nilijua kwa siku kumi na mbili kwamba kuna jambo, nikanyamaza kwa kiburi, na mtoto akaingia baharini katika boti hiyo. Nikamwambia mume wangu hilo pia. Tuliomba pamoja kwa maneno machache, na baada ya ibada tukaenda pwani kung'oa mbao.

Tulikuta rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Chini yake kulikuwa na unga mweupe, na alumini ilikuwa imechimbika vishimo vishimo. Kimoja kilikuwa kimetoboka kabisa, tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari.

Akina mama wenzangu, jambo hili tunalijua jikoni. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe kwa hewa. Ukilaza mchuzi wa ukwaju katika sufuria ya alumini, ule uchachu hula utando huo, na sufuria hubaki na madoa. Maji ya betri ni asidi ya salfa, kali kuliko ukwaju mara nyingi, na maji ya chumvi huzidisha madhara. Kupaka rangi juu yake hakuizuii asidi. Huifungia ndani, nayo ikaendelea kula.

Jirani mmoja alitushauri tumwage magadi. Nilikataa. Ukichemsha magadi katika sufuria ya alumini huwa nyeusi, kwa sababu magadi nayo huila. Kinachofaa ni soda ya kuokea keki, ambayo ni pole. Hamira haifai, wala beking pauda.

Tulivaa glavu za mpira na miwani, tukawafukuza watoto na wavuta sigara, maana asidi inapokula alumini hutoa gesi inayoshika moto. Tukakoroga kikombe kimoja cha soda katika lita 4 za maji na kumimina taratibu. Povu likaumuka. Povu ni dalili kwamba asidi ingalipo, kwa hiyo tulimimina tena na tena, hasa kwenye maungio, mpaka likakoma. Kisha tukasuuza kwa madumu ya maji baridi ya bomba, tukaiacha boti ikauke. Rangi yote ya mahali pale tuliikwangua kwa msasa, mpaka alumini ikang'aa. Hatukutumia brashi ya waya wa chuma, kwa kuwa vijipande vyake hubaki na kuleta kutu.

Fundi tuliyemwita kutoka Tegeta alisafisha vishimo vifupi na kuvijaza kwa ile gundi ngumu ya kuchanganya mirija miwili. Palipotoboka alikata kandokando mpaka akafika penye alumini nzima, akaweka kiraka cha alumini kwa ribiti za alumini na gundi ya kuzuia maji. Alituonya tusikubali kamwe ribiti za shaba wala za chuma, maana metali mbili tofauti zikigusana katika maji ya chumvi, moja huila nyingine, na hapo itakayoliwa ni alumini. Mwisho akapaka rangi ya kwanza ya kushika alumini, kisha rangi ya juu. Tuliielea boti penye maji mafupi siku nzima kabla ya mtu yeyote kwenda nayo mbali.

Betri mpya sasa hukaa ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha matundu ya hewa, limefungwa kwa mkanda lisipinduke. Ile mbovu tuliirudisha kwa wanaonunua betri chakavu, kwa kuwa risasi iliyomo ndani yake ni sumu kwa watoto. Na kama maji ya betri yakimgusa mtu, osha ngozi mara moja kwa maji mengi. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha kimbilia hospitali. Usitie soda machoni.

Matengenezo yalitugharimu karibu bei ya betri mpya. Shemeji yangu alipona, namshukuru Mungu. Mume wangu aliniuliza kama ningekubali fedha zile ziende kwake iwapo angeniomba. Nilimjibu kweli: sina hakika. Labda ningekataa, nasi tungegombana jioni moja. Lakini ugomvi wa jioni moja usingetoboa boti.

Dada yangu, ukikuta tundu kwenye nguo ya mumeo, uliza siku hiyo hiyo. Ukijibiwa nusu, uliza tena kwa upole, wala usiende kununa kama mimi. Mwanangu bado huenda baharini na baba yake. Kila wanaporudi, mimi ndiye ninayefua suruali zao, na siku hizi nazikagua kwanza kabla ya kuziloweka.