Mtoto wa Mbwa Aliyelia Mchana Kutwa

Nataka kukusimulia kosa langu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Naishi peke yangu katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Asubuhi napanda baiskeli kwenda kutembelea madarasa ya vijiji vya jirani. Narudi alasiri, kisha nafundisha darasa la kijiji chetu.

Nina shamba dogo la mahindi nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja ngedere waliliharibu sana. Nikaamua kufuga mbwa.

Nilipewa mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili. Nikamwita Simba. Jina lilikuwa kubwa kuliko yeye. Usiku wa kwanza alilala miguuni pangu. Asubuhi nikamfungia ndani, nikaenda zangu.

Niliporudi nilikuta mlango umekwaruzwa. Sakafu ilikuwa na mkojo. Daftari la mahudhurio lilikuwa limetafunwa. Nilikasirika, nikachukua fimbo, nikamchapa. Kesho yake ikawa vile vile. Nikamchapa tena. Siku ya tatu, aliposikia kengele ya baiskeli, hakuja kunilaki. Alijificha uvunguni akitetemeka. Nikamvuta, nikamchapa.

Jioni ile alikuja bibi jirani yangu. Yeye ni mwanafunzi wa darasa langu. Ilikuwa siku ya pili hajaja kusoma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mbwa wako ana nini?"

"Ni mkaidi, bibi. Namtia adabu."

"Wewe unaondoka, sisi tunabaki na kilio chake. Mzee wangu ni mgonjwa, usiku homa haimpi usingizi. Mchana ndipo hulala, nami nafanya kazi zangu. Sasa halali. Kazi zangu zote zinaningoja jioni, wakati wa darasa."

Niliona haya. Nikamwuliza, "Basi nimrudishe kwa mama yake?"

Bibi akatikisa kichwa. "Mwalimu, siku ya kwanza darasani nilishindwa hata kushika kalamu. Ulinichapa?"

"Hapana, bibi. Nilikupa herufi moja."

"Basi na yeye mpe herufi moja."

Kesho yake tulianza upya. Mjukuu wa bibi, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alikubali kushinda na Simba nikiwa safarini. Asubuhi na jioni mimi nilimfundisha kukaa peke yake. Nilitoka, nikafunga mlango, nikahesabu mpaka kumi, nikarudi kabla hajalia. Alipozoea, nikahesabu mpaka hamsini. Kisha nikaenda kuteka maji. Kisha nikaenda dukani. Akilia, nilijua nimekwenda haraka mno. Nilirudi kwenye muda mfupi aliouzoea.

Kabla ya kuondoka nilicheza naye mpaka achoke. Nilimpa chakula na kumtoa nje ajisaidie. Nilimwachia maji ya kunywa, na shati langu kuukuu lenye harufu yangu. Sikumwaga kwa maneno mengi. Niliporudi sikumfanyia shangwe. Nilitaka aone kwamba kuondoka na kurudi ni mambo ya kawaida.

Fimbo niliiacha. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya alasiri na kosa la asubuhi. Anachojua ni kwamba mwenye nyumba amerudi na amempiga. Alikuwa akilia kwa hofu ya kuachwa. Mimi nikamwongezea hofu ya kurudi kwangu.

Alipofika miezi mitatu nilimpeleka kwa bwana mifugo, akachanjwa. Kichaa cha mbwa huua mbwa na watu pia. Mwenye kufuga mbwa asisahau chanjo hiyo.

Kazi ile ilichukua zaidi ya mwezi mmoja. Mjukuu alipunguza saa zake kidogo kidogo, mpaka ikatosha aje mara moja tu, saa sita mchana, amtoe nje. Siku moja nilirudi nikakuta kimya. Nikachungulia dirishani. Simba alikuwa amelala juu ya shati. Nyumba ya jirani nako kulikuwa kimya. Mzee amelala. Jioni bibi alikuja darasani na daftari lake, akakaa benchi la mbele.

Sasa Simba ni mbwa mkubwa, na ngedere wanamjua. Lakini mpaka leo nikishika fimbo, hata ikiwa ya kuulia nyoka, yeye huingia uvunguni. Hiyo ndiyo herufi niliyomfundisha siku zile tatu. Bado haijafutika.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini Simba alijificha siku ya tatu?
2. Bibi alikuwa na maana gani aliposema, "Mpe herufi moja"?
3. Katika kijiji chenu, watoto wa mbwa hufundishwaje? Njia ipi ni nzuri, na kwa nini?