Tuliozika Kabla ya Dawa Kufika

Sisi ambao mwaka 1983 tulikuwa tayari na kazi na familia mkoani Kagera tumebaki wachache. Mwaka huo ndipo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa katika hospitali ya Ndolage, kule Kamachumu. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha miaka minne tu nyuma, watu walikuwa bado wanaezeka upya nyumba zao, na magendo yalikuwa yanavuka mpaka usiku kucha. Ugonjwa uliingia katika nyumba hizohizo tulizokuwa tunazijenga. Tuliuita Juliana, ndugu zetu wa Rakai, ng'ambo ya Mutukula, waliuita slimu. Mimi nilikuwa muuguzi mkunga, na haya ninayaandika kwa niaba ya wenzangu wa kada hiyo, ya wake waliouguza waume na waume waliouguza wake, na ya bibi na babu waliorudia kulea watoto wachanga katika umri ambao walistahili kutunzwa wao.

Ninyi vijana mnaohudumu leo mnachana karatasi, mnatoa sindano mpya, mnaitumia mara moja na kuitupa kwenye boksi lake. Sisi tulichemsha sindano za kioo kwenye stovu ya mafuta ya taa. Glavu tulizifua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda na kuzivaa tena hadi zitoboke, na siku zilipokosekana mtoto alizaliwa mikononi mwetu mitupu. Mgonjwa aliyejaa utando mweupe mdomoni hadi kooni alihitaji saa nzima ya subira: unazungushia kidole kitambaa safi, unakichovya kwenye maji ya chumvi, unafuta ulimi na mashavu polepole bila kumtonesha, unampaka dawa ya zambarau ya GV, unamwacha apumzike, ndipo unampa uji wa vuguvugu kwa kijiko kidogo, ukiupitisha pembeni mwa mdomo. Mwenye kuhara tulimpa maji ya sukari na chumvi. Mwenye mkanda wa jeshi tulimtafutia dawa ya maumivu, na mara nyingi hatukuipata. Kazi hiyo haikumponya mtu hata mmoja. Lakini maelfu walikufa wakiwa wameoshwa, wamelishwa na wameitwa kwa majina yao, na heshima hiyo kizazi changu kinaidai bila kuona haya.

Nasema maelfu waliuguzwa hivyo, ila si wote. Wapo tuliowapoteza kabla hawajatufikia, na hao ndio walionifundisha ninachotaka kukisema leo. Mwanamke mwenye usaha au kidonda sehemu za siri alikuwa haji zahanati mchana. Alikuja magharibi, akapitia mlango wa nyuma, akisema anaumwa tumbo. Kama aliyempokea alikuwa na ulimi mkali, basi harudi tena. Ataenda kununua vidonge viwili vitatu gengeni na kubaki na ugonjwa wake. Mhudumu wa baa, msichana wa kazi za ndani, mjane aliyenyang'anywa kibanja na shemeji zake, mwanafunzi aliyepata mimba na kufukuzwa shule: hawa ndio waliokuwa wa mwisho kuhudumiwa, na ndio waliokuwa wa kwanza kuambukizwa. Ugonjwa ulipita palepale ambapo aibu yetu ilikuwa imefunga mlango.

Haya si maneno ya mzee anayekumbuka tu. Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walifanya jambo ambalo ningependa kila diwani alijue. Katika jamii sita za vijijini waliwafunza watumishi waliokuwepo kwenye vituo vilevile jinsi ya kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawa wanawatembelea kuwasimamia. Jamii nyingine sita ziliendelea kama zamani, kisha nazo zikapata huduma utafiti ulipokwisha. Matokeo yalipotolewa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizohudumiwa vizuri yalikuwa yamepungua kwa takribani asilimia 40. Wataalamu walijadiliana kwa miaka kuhusu kwa nini utafiti wa Rakai haukupata matokeo kama hayo baadaye, nami mjadala huo nawaachia wao. Nilichokiona katika matokeo ya Mwanza ni kile tulichokishuku chumbani mwetu: zahanati inayompokea mwenye kaswende bila kumsimanga inapunguza moto wa janga ambalo halijapata hata dawa.

Ndipo ikaja miaka ambayo hadi leo naikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1996 ilithibitika kwamba mchanganyiko wa vidonge unaweza kumrudisha mgonjwa kutoka kitandani. Marekani na Ulaya wagonjwa walianza kuamka. Sisi tulisoma habari hizo magazetini. Tiba ya mtu mmoja kwa mwaka ilikuwa dola 10,000 na zaidi, na wapo waheshimiwa waliosema hadharani kwamba Mwafrika asingeweza kumeza vidonge kwa saa kwa kuwa hana saa. Katika hospitali za umma za Tanzania dawa hizo zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Hesabuni wenyewe: miaka minane dawa ipo duniani, na miaka hiyo yote sisi tunachimba makaburi.

Naomba vijana mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu dawa hazikushuka bei kwa huruma ya mtu. Zilishuka kwa kudaiwa. Uganda, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe, alikuwa ameanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa, na wenzake mwaka 1987. Mwaka 1989 mwanamuziki wa huko, Philly Lutaaya, alisimama akatamka kwamba anaumwa, na mwaka huohuo Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha shirika kama hilo, WAMATA, Dar es Salaam. Afrika Kusini, Desemba 1998, Zackie Achmat na wenzake waliunda TAC, kundi la kudai tiba. Achmat mwenyewe, ingawa alikuwa na uwezo wa kupata vidonge, alikataa kuvimeza hadi maskini nao wavipate. Julai 2000, kwenye mkutano wa UKIMWI wa Durban, Jaji Edwin Cameron aliwaambia wakubwa wa dunia kwamba yu hai kwa sababu tu ana mshahara wa kununulia dawa. Kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria ya kuingiza dawa nafuu. Aprili 2001 ziliondoa kesi, watu wakiwa wamejaa mitaani. Miezi miwili kabla, kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza bei ya dola 350 kwa mwaka. Kenya ikapitisha sheria ya kuruhusu dawa nafuu kama hizo mwaka huohuo. Mtu anaposema leo kwamba UKIMWI umekuwa ugonjwa wa kawaida, akumbuke kwamba ukawaida huo ulidaiwa mahakamani na barabarani, na waliodai wengi wao walikuwa wagonjwa.

Tulipofika si padogo. Mama mwenye virusi anajifungua mtoto salama. Mzee mwenzangu aliyeanza dawa mwaka 2005, akiwa na kilo 38, bado analima maharage. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, likaruhusu na watu kujipima. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule, na nikawakumbuka wale wa siku zetu ambao tangazo hilo limechelewa kuwafikia. Nawaona wahudumu vijana wanaomfunika mgonjwa shuka kabla ya kumpima, wanaofunga pazia, wanaomwita kwa jina lake. Katika hilo mmetupita, na tunafurahi.

Lakini nina hofu. Siku hizi yanafanyika mafunzo na mikutano mingi kuhusu kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, na nikialikwa huwa nakwenda. Wanazungumzia maabara, vipima joto viwanja vya ndege, maghala ya mavazi ya kinga. Yote ni ya lazima; Kagera tumepatwa na Marburg mara mbili, Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, na tunajua thamani ya maabara inayotoa jibu upesi. Ila afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa huwekwa katika semina nyingine, na bajeti nyingine, na mara nyingi bajeti hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Kutenganisha huku ni kosa kubwa. Mtu hajifunzi kuamini zahanati siku ya mlipuko. Aliyesimangwa mwaka jana kwa sababu ya kisonono hatakuja mwaka huu na homa na vipele, na hatataja amelala na nani.

Atakayebisha aende Kamituga. Ni mji wa wachimba dhahabu Kivu Kusini, Congo, watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Homa ya nyani, ambayo sasa inaitwa Mpox, ilijulikana kwa binadamu Congo tangu mwaka 1970. Mwaka 2022 ilipofika Ulaya na Marekani, chanjo zilipatikana huko katika miezi michache, na watu wakapanga foleni. Congo hawakupelekewa. Septemba 2023, Kamituga, virusi vya namna mpya vilianza kuenea kwa kujamiiana, miongoni mwa wachimbaji na wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika baa za mji huo. Wagonjwa walikuwa na vidonda sehemu za siri, yaani mahali pale ambapo mtu huona aibu kuonyesha. Virusi hivyo vilivuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Shehena ya kwanza ya chanjo, kama dozi laki moja, ilifika Kinshasa Septemba 2024. Mwaka mzima tangu Kamituga, na zaidi ya nusu karne tangu mgonjwa wa kwanza. Niliposoma habari za wanawake wale, nilikuwa nawasoma wanawake wetu wa mwaka 1985: vijana, wageni mjini, wanaohamahama, wanaosemwa vibaya na kila mtu, na wa mwisho kuulizwa wanahitaji nini. Kama mwanamke mmoja wa baa ya Kamituga angekuwa na kliniki ya kuaminika ya kupeleka kidonda chake, na daktari wa kliniki hiyo akawa na maabara na chanjo, tusingekuwa tunahesabu nchi.

Kuhusu UVIKO nitasema kidogo. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020. Sisi tulipokea dozi za kwanza Julai 2021. Sehemu ya kuchelewa huko ilikuwa uamuzi wetu wenyewe, na lazima tuukubali kama tunavyokubali mengine. Lakini hata nchi za Afrika zilizotaka chanjo tangu siku ya kwanza zilingoja huku matajiri wakinunua dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao. Mei 2025 mataifa yalipitisha makubaliano mapya kuhusu majanga ya magonjwa. Yanawataka watengenezaji watakaoshiriki watoe asilimia 20 ya chanjo na dawa wakati wa janga, angalau nusu yake iwe msaada. Kiambatisho chenye masharti yenyewe, yaani nani anatoa sampuli za virusi na anarudishiwa nini, kiliachwa kijadiliwe baadaye. Huko ndiko kwenye nguvu ya jambo. Waganda na Wakongo wametoa damu na sampuli zao kwa miongo mingi, na dawa zikarudi kwao zimechelewa.

Sasa ipo sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka kuzuia VVU. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, na katika zaidi ya 2,100 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani bei yake mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Makubaliano yapo ya kuitengeneza kwa takribani dola 40 kwa mtu kwa mwaka kwa nchi maskini kuanzia mwaka 2027. Nimesikia vijana wakishangilia, na nashangilia nao, ingawa nimeishi muda wa kutosha kujua umbali uliopo kati ya makubaliano na rafu ya dawa ya kijijini. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watumishi kadhaa waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani walirudishwa kwao ndani ya wiki chache tu. Wakuu wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Tangu siku hiyo mtoto amezaliwa, amesoma, na amepata watoto wake, nasi ahadi bado tunaingoja.

Kwa hiyo, wanangu, naomba mdai kwa utaratibu kama walivyodai waliotutangulia. Dunia nzima hamtaifikia kesho, lakini halmashauri mnaifikia. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi, na nyingi zimejaa watu wa umri wangu. Katika kata yetu wazee wawili tumeomba nafasi zetu zichukuliwe na msichana na mvulana walio chini ya miaka 25, na tumewaahidi kukaa pembeni na kuwajibu watakapouliza. Vijana hao waulize dawa za magonjwa ya zinaa zilikatika kwa siku ngapi mwaka uliopita. Waulize kama kuna chumba chenye mlango unaofungika, na kama wahudumu wa baa walishawahi kualikwa kwenye mkutano wowote wa afya. Waulize mpango wa mlipuko unasema nini kuhusu watu wasiokuja zahanati mchana. Na maswali hayo wayapeleke mapema, wakati rasimu ya bajeti bado iko mezani, kwa sababu ikifika Julai imeshapitishwa na hakuna atakayeifungua tena.