Nilimnunulisha Ruta Bure

Mama mmoja wa Ntinda alinunua ruta mpya kwa ushauri wangu, ilhali ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa ndani ya kuta zake, na niliuweka mimi.

Nyumba ni ya ghorofa. Nilipitisha kebo za intaneti, televisheni na simu kabla ya plasta, kisha nikabana vichwa kwenye ncha zake. Kebo ya intaneti ina nyaya 8, yaani jozi 4, na kila jozi imesokotwa ili nyaya zake zikinge mawimbi ya jirani. Nikazipanga kwa rangi zinavyofuatana: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu, kahawia, ncha zote mbili vilevile. Nikachomeka kipimo. Taa zikawaka moja hadi nane bila kuruka. Nikalipwa, nikaondoka.

Kipimo kile kinajua tu kwamba waya wa 3 huku ndio wa 3 kule. Nani amesokotwa na nani, hakijui. Na mashine zinazounganishwa kwa kebo huchukua pini ya 3 na ya 6 kuwa jozi moja. Ndiyo sababu kwenye mpangilio sahihi unaoanza na chungwa nyaya mbili za buluu hukaa katikati, kwenye 4 na 5, na za kijani huzizunguka, moja kwenye 3 na nyingine kwenye 6. Mimi pini ya 3 niliipa waya wa jozi ya kijani, ya 6 nikaipa wa jozi ya buluu, hivyo hazikuwa zimesokotwa pamoja na kinga ikapotea.

Sebuleni, kebo ikiwa fupi, mambo yalikwenda. Chumba cha mwisho juu, picha ziliganda, na simu za binti yake aliye ng'ambo zilikatika kila mara. Mama aliponipigia nilimjibu, “Nnyabo, kebo nilizipima mwenyewe. Hao ni watu wako wa intaneti.” Baadaye nikamwambia abadilishe ruta. Wasiwasi nilikuwa nao, lakini sikutaka kurudi kufungua soketi hata moja.

Fundi mwenzangu ndiye aliyekata kichwa nilichokibana mahali pengine, akatazama rangi, akaniuliza nani alinifundisha. Sikuwa nimefundishwa, nilikuwa nimetazama watu wakifanya.

Nilirudi Ntinda, nikamweleza mama yote, nikabana upya kila ncha na kumrudishia pesa ya ruta kidogo kidogo. Hakunigombeza. Aliuliza tu ni nyumba gani nyingine nimezifanya hivyo. Za Naalya na Bukoto nimeshazirekebisha. Ya Kira imehamiwa na wapangaji wengine, na mwenye nyumba bado hajapokea simu yangu.