Wapiga Mishale Walioshuka Kilimani



Ndugu yangu msomaji, darsa la leo limeanzia kwenye gemu ya kompyuta ya mwanangu. Usicheke, na usiharakishe kuhukumu. Soma mpaka mwisho, kisha nihukumu mimi.

Majuma machache nyuma nilirejea usiku kutoka safari ya da'wah. Nilikuwa nimezungumza misikiti mitatu ndani ya siku nne, na mada yangu kote ilikuwa malezi ya watoto. Alfajiri nikamgongea mlango kijana wangu wa miaka 15. Hakuamka. Nikagonga tena, kimya. Mama yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, leo si mara ya kwanza. Huu ni mwezi wa pili."

Wallahi niliona aibu, kisha nikaifunika ile aibu kwa hasira. Mchana kutwa nilikuwa nimeshakata shauri: leo gemu ile inafutwa.

Baada ya Isha nikaingia chumbani kwake. Nikamkuta mbele ya kioo anacheza Age of Empires II, gemu iliyotoka mwaka 1999 na ikaboreshwa upya mwaka 2019. Aliponiona uso akasema haraka, "Baba, subiri kidogo, huyu ni Salahuddin." Kumbe kweli, ndani yake mna vita vya Salahuddin al-Ayyubi, na yeye alikuwa kwenye Hittin, pale Waislamu walipoyashinda majeshi ya Msalaba mwaka 1187. Nikakaa kitandani. Niliazimia kumpa dakika kumi, na nikakaa saa nzima.

Akanieleza kazi ilivyo. Kwa kawaida una nafasi ya watu 200 tu, na humo wamo wakulima, wakata kuni na wachimba dhahabu. Kila askari unayemuongeza anachukua nafasi ya mtu ambaye angelima. Askari wa mkuki anakugharimu chakula na mbao, mpiga mishale anakugharimu mbao na dhahabu. Nikamuuliza, "Basi kwa nini usitengeneze farasi watupu?" Akacheka. "Baba, mikuki inaua farasi. Farasi wanawamaliza wapiga mishale. Wapiga mishale nao wanawamaliza askari wa miguu kabla hawajafika. Hakuna anayetosha peke yake."

Akanionyesha alivyowapanga. Mikuki ni kundi namba 1, wapiga mishale namba 2, wapanda farasi namba 3. Akibonyeza namba, kundi zima linamsikiliza. Mikuki mbele, mishale nyuma yao, farasi pembeni wakisubiri. Nikasema moyoni, subhanallah, mtoto huyu ninayemwita mvivu ana mpango kuliko kamati yangu ya msikiti.

Kisha akafungua pambano dogo kwenye ramani yenye vilima ili anionyeshe vizuri. Wapiga mishale akawapandisha juu ya kilima, kwa sababu aliye juu humuumiza aliye chini kwa asilimia 25 zaidi. Adui akaja, akapigwa, akaanza kukimbia. Na hapo, ndugu yangu, nikaona kitu kilichonisimamisha nywele. Wale wapiga mishale wakashuka wenyewe kilimani kuwafukuza wanaokimbia. Farasi wa adui wakawazunguka kwenye tambarare, wakaisha wote.

Kijana akapiga meza. "Nimesahau kuwaambia wasimame pale pale!" Akanieleza kuwa ipo amri ya kumfanya askari asitoke mahali pake, ampige anayemfikia na asimfuate anayeondoka. "Usipompa amri hiyo, baba, akimwona adui anamfukuza tu."

Nikamwambia, "Mwanangu, hii naijua. Hii ni Uhud."

Nikamsimulia. Shawwal, mwaka wa 3 Hijria. Makuraishi 3,000. Waislamu walibaki kama 700 baada ya Abdullah bin Ubayy kurudi nyuma na watu 300. Mtume (s.a.w.) aliwapanga watu wake mwenyewe, kila mmoja na mahali pake, na Qur'an imelitaja jambo hilo katika Surat Aal Imran, aya ya 121. Wapiga mishale 50 akawaweka kwenye kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamrisha wasiondoke, wawaone wenzao wanashinda au wanashindwa, mpaka awatumie ujumbe. Makuraishi wakarudi nyuma. Walio kilimani wakaona nyara zinakusanywa, wengi wao wakashuka. Abdullah akabaki na wachache. Khalid bin Walid, ambaye hakuwa amesilimu bado, akaliona lile pengo, akazunguka na farasi wake. Siku ile wakafa mashahidi kama 70, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume.

Kijana akanyamaza. Kisha akauliza, "Baba, hawa wa kwenye gemu hawakupewa amri. Wale walipewa. Kwa nini walishuka?"

Nikamjibu haraka, kama ninavyojibu msikitini: "Waliona kazi imekwisha."

Neno lile lilipotoka mdomoni likanirudia kifuani.

Ndugu msomaji, mtoto huyu alihifadhi Juzuu Amma akiwa na miaka 9. Miaka ile tulikuwa tunakwenda Alfajiri pamoja, nimemshika mkono, gizani, tukirudiana sura njiani. Alipokhitimu tukafanya maulidi, watu wakala pilau, wakanipongeza. Na mimi nikaona nimeshinda, nikashuka kilimani. Nyara zangu zilikuwa mialiko, safari, na nyinyi wafuasi mnaoniandikia "mashallah sheikh". Miaka sita nawafundisha watu malezi, na nyumbani kwangu pengo liko wazi. Kisha nikaingia chumbani kumlaumu kompyuta!

Mimi simhalalishii mtu gemu. Mchezo wowote unaomeza sala, hukumu yake inajulikana. Lakini ningeifuta usiku ule, ningekuwa nimeondoa farasi mmoja na kuliacha pengo palepale.

Sasa jiulize nawe, kilima chako ni kipi? Mama uliyeacha kumpigia simu kwa kuwa mwezi huu umemtumia hela? Mke uliyekuwa ukimsikiliza kabla ya ndoa? Msikiti ulioujaza Ramadhani, na siku ya pili ya Idi hukuonekana? Mara nyingi hatuachi mahali petu kwa kushindwa. Tunapaacha pale tunapodhani tumeshinda.

Na kuna jambo la pili, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalisoma bila kulitumia. Katika sura hiyo hiyo, baada ya kueleza kosa la Uhud, Allah (s.w.t.) anamwelekeza Mtume wake katika aya ya 159 awe mpole kwao, awasamehe, awaombee maghfira, na awashauri katika mambo. Tazama! Wameacha amri, watu wamekufa, Mtume mwenyewe amejeruhiwa uso, na bado wanashirikishwa katika shauri. Mimi nilikuwa nimeingia kwa mwanangu bila shauri lolote.

Usiku ule nilimwomba radhi. Haikuwa rahisi, sheikh kumwomba radhi mtoto. Kisha tukapanga pamoja, kama alivyopanga makundi yake. Kompyuta inazimwa saa nne usiku, yeye mwenyewe ndiye aliyetaja saa hiyo. Mimi nimepunguza safari, na Alfajiri nikiwa mjini namgongea mimi, si mama yake.

Juma lililopita aliamka siku tano. Siku mbili hakuamka. Zamani ningepiga kelele kwa zile mbili, au ningesherehekea zile tano nikaondoka. Leo ninagonga tena tu.

Ukiwa na kilima ulichokishuka, bado hujachelewa. Panda tena kabla ya Alfajiri ya kesho.

Ewe Allah, tuthibitishe mahali ulipotuweka, utusamehe tulipopaacha, na uturejeshee watoto wetu kwa upole. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.