North Adams: Mchoraji kafariki, kazi inaendelea

Wiki hii tafuta koti zito, tunakwenda mbali. North Adams ni mji mdogo uliozungukwa na milima, magharibi ya jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mji huu uliishi kwa kiwanda. Kwanza palichapwa vitambaa, kisha mwaka 1942 ikaingia kampuni ya Sprague Electric, watengenezaji wa vipuri vya umeme. Enzi zake iliajiri watu zaidi ya 4,000. Mwaka 1985 geti likafungwa, na unajua mwenyewe mji ukikosa kazi unavyokuwa. Mwaka 1999 majengo yaleyale yakafunguliwa tena, safari hii kama jumba la sanaa, MASS MoCA.

Ingia Jengo namba 7, ghorofa tatu. Fremu hamna. Mistari, miraba, matao na rangi zinazowaka vimechorwa ukutani moja kwa moja, jumla michoro 105. Yote ni ya Sol LeWitt, lakini kuta hizi hakuzigusa. Alifariki Aprili 2007. Maonyesho yakafunguliwa Novemba 2008. Waliochora ni wasanii na wanafunzi kama 65, kwa miezi sita.

Wamewezaje? Jamaa alianza kuchora ukutani mwaka 1968, kisha akawa anaandika maelezo, wengine wanachora. Ukinunua unapewa karatasi ya maelezo na cheti. Ukihama, unapaka ukuta rangi, unachora upya kwingine.

Mmoja unataka uunganishe kwa mistari iliyonyooka pembe zote za ukuta, milango, madirisha, hadi swichi za taa. Mafundi wanapiga kamba yenye chaki, kama waashi. Ukuta ukibadilika, na mchoro unabadilika.

Mwingine ni wa mwaka 1970. Maelezo yake: mistari ya wima, isinyooke, isigusane, ijaze ukuta sawasawa. Basi. LeWitt alizoea mistari iliyonyooka. Hii aliipinda kwa heshima ya rafiki yake, msanii Eva Hesse, aliyefariki Mei mwaka huo akiwa na miaka 34.

Nikasema, kwani hiyo nayo kazi? Nikachukua penseli, nikavamia ukuta wa chumba changu. Mdogo wangu nikampa ukuta wa pili, maelezo yaleyale. Nusu saa tu mkono ukawa ganzi. Mistari yangu ikaanza kugusana, huku minene, kule myembamba. Ya mdogo wangu ikashuka taratibu kama mvua kwenye kioo. Maneno ni yaleyale, lakini utulivu ni wake, na haraka ni yangu.

Hapo ndipo nilipowavulia kofia wale 65. Karatasi inasema nini kifanyike; subira unakuja nayo mwenyewe. LeWitt alilijua hilo, ndiyo maana kwenye maelezo ya michoro yake huandikwa majina ya waliouchora mara ya kwanza. Katika jengo ambalo watu walifanya kazi miaka mingi bila jina lao kuandikwa popote, hilo si dogo.

Maonyesho yatakuwepo hadi mwaka 2043, kwa hiyo anza kudunduliza nauli. Mimi namsubiri mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Nitamwambia ukuta ni kazi ya Sol LeWitt. Akidai cheti, nimekwisha!